Daftari la Wenye Hisa

Fundi wa sare za shule alikuwa anatia vifungo kwenye shati la ishirini na tatu siku muuza vocha, jirani yake wa kibanda, alipomletea gazeti na kumwonyesha tangazo la robo ukurasa. Kiwanda cha sabuni kiliwaarifu wenye hisa wake kwamba wakaguzi wamekuta shehena kubwa iliyoandikwa vitabuni haimo ghalani, na kwamba mwaka huu wasitarajie gawio.

Alilisoma mara mbili, akalikunja, akalikalia. Hisa zake elfu mbili alizinunua kwa kiinua mgongo cha marehemu mumewe, aliyehudumia mitambo ya kiwanda hicho hicho miaka kumi na tisa. Akiba nyingine hakuwa nayo, ila cherehani mbili, moja ina kanyagio bovu.

Kabla hajala mchana, simu ikalia. Dalali wa hisa, ambaye kwa miaka miwili hakuwahi hata kumjulia hali, leo sauti yake ilikuwa asali tupu. Alimwita mama, akampa pole, akamwambia yuko mteja wa kuzichukua hisa zote siku hiyo hiyo, kwa bei ya chini kidogo. Fundi akaguna. Mtu gani mwenye akili zake anakimbilia kununua ghala tupu? Akajibu kwamba atafikiri.

Jioni akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu, karani wa mizani kwenye lango la kiwanda. Huyu alikuja na yake: atulie, asiuze hata moja, magazeti yanakuza mambo. Aliyasema huku akichezea funguo na kutazama sakafu. Fundi alimwangalia kwa jicho la pembeni. Kila lori linaloingia na kutoka hupita mbele ya macho ya mtu huyu. Sabuni ikitoroka, yeye alikuwa anapima nini? Hakumuuliza. Alimwongezea chai, akamsindikiza mpaka mlangoni, na moyoni akajiambia kuwa kati ya hawa wawili yuko anayemzunguka, kama si wote.

Kesho yake hakufungua kibanda. Alivaa viatu vyake vya heshima akaenda ofisi ya msajili wa hisa, kwa kuwa aliwahi kusikia kwenye mkutano wa mwaka kwamba mwenye hisa ana haki ya kulitazama daftari. Dada wa mapokezi alisema mhusika hayupo. Fundi akasema atamngoja. Akaambiwa mtandao umekatika. Akasema hata huo atausubiri, akatoa sketi mkobani, akaanza kupinda pindo pale pale kwenye kochi. Saa sita na nusu wakamletea.

Alipitisha kidole mstari kwa mstari kama anayekagua mshono. Hakujua hasa anatafuta nini, mpaka alipofika kwenye jina la shemeji yake. Hisa mia nane, zote zimeuzwa, wiki sita kabla ya tangazo. Wiki hiyo hiyo walikuwa wameuza wengine wanne anaowafahamu, wote watu wa langoni na ghalani.

Alimkuta nje ya lango akitoka zamu.

"Shemeji, hisa zako bado unazo?"

"Ninazo."

"Nimetoka kulisoma daftari."

Yule bwana akatazama kushoto na kulia, akamvuta kando ya ukuta. Walionywa, alisema kwa sauti ya chini: ndugu zao wakianza kuuza, itajulikana nani alitoboa siri, na kazi imekwisha. "Nina watoto, shemeji."

"Na mimi ninao wa kaka yako."

Hakungoja jibu. Alikwenda kwa dalali mwingine, mtaa wa pili, akauliza bei ya soko. Ilizidi ile aliyotajiwa kwa simu karibu robo nzima. Kumbe na yule wa asali alikuwa na lake. Akauza nusu. Nusu akaibakiza, si kwa imani, bali apate kiti mkutanoni.

Kiwanda hakikufa, lakini bei haikurudi ilikokuwa, na meneja wa ghala akaondoka kimyakimya. Shemeji bado huja, naye humkaribisha vizuri. Wanaongea habari za watoto na mvua. Akiulizwa kama bado ana hisa, fundi hupuliza chai yake na kusema hata hakumbuki.