Muziki Umefika Sindeni

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nimekata mkonge Ngombezi sijaota ndevu, nimebeba mitumba kichwani mnada hadi mnada, nimejenga nyumba mbili, moja Handeni na moja Korogwe, kwa elimu ya darasa la tano, na kila nyumba ina mke wake na bati la rangi. Nilijua nimeshaona yote. Kumbe bado sijaona ukumbi mzima ukinicheka kwenye harusi ya binti yangu wa kwanza, na mpaka leo nikikumbuka naupiga mlango teke.

Kazi yangu ni kukodisha muziki, spika nane, jenereta na mikrofoni zisizo na waya. Nikachoka na flashi, maana zinapotea, zinaingia virusi, vijana wanazitia mfukoni. Basi nikanunua kompyuta kuukuu, nikaijaza nyimbo zote nilizokusanya maisha yangu, nikaiweka Korogwe kwa Mama Rama, mke wangu mdogo, kwa sababu pale intaneti inakamata. Fundi akaifanya seva, yaani mashine inakaa nyumbani, mimi popote nilipo nafungua simu, nachagua wimbo, unakuja. Mali yangu mwenyewe, simlipi mtu kila mwezi. Majina ya nyimbo niliandika upya moja moja kwa kidole hiki (zile za kununua vibandani zote huwa na jina la aliyeziingiza, kama kaimba yeye).

Siku anaondoka fundi akaniambia, "Mzee, hapa kuna sehemu ya kupakua. Nyimbo za harusi zihifadhi kabisa kwenye simu, usije ukakwama."

Nikamwambia, "Nikizihifadhi kwenye simu, seva nimeinunua ya nini, pambo?"

Akabeba begi lake, akaondoka. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Kwenye kikao cha harusi, baba wa kijana, mfanyabiashara wa karoti kutoka Bungu, akasema yeye ana mtu wake wa muziki anaitwa Jumbe. Nikasimama. "Mkwe, muziki wangu ukikatika, Jumbe namlipa mimi, na chakula cha meza zenu zote juu yangu!" Watu wakapiga makofi. Zaina, binti yangu, akanifuata nje. "Baba, si umwachie tu huyo Jumbe? Mimi nataka unishike mkono tuingie wote." Nikamwambia nitabonyeza wimbo kwanza, kisha nitakimbia mlangoni nimshike mkono, kazi ya sekunde. Akasema sawa, lakini uso haukusema sawa.

Mama Rama alikuwa ameshashona sare. Nikamwamuru abaki Korogwe, mashine isiguswe na watoto. Mama Zaina, mke mkubwa, aliponiuliza, nikamwambia mwenzake anaumwa.

Siku ikafika, Handeni, saa kumi jioni, ukumbi umejaa. Simu yangu nimeiunganisha kwa waya na mikisa ya spika, na pale waya unapoingia nimezungushia solotepu mzunguko juu ya mzunguko ili asije mlevi akauchomoa. Wageni wakaingia na wimbo wa kwanza, safi. Zaina akasimama mlangoni na shela lake. Nikabonyeza wimbo wake. Kiduara kikaanza kuzunguka. Kinazunguka tu. Nikabonyeza tena. Kimya, mpaka unasikia masufuria jikoni.

MC akachukua mikrofoni, "Ndugu wageni tuwe wavumilivu, muziki wetu unatoka Korogwe, sasa hivi umefika Sindeni." Watu wakavunjika mbavu. Mkwe wangu hakucheka, aliangalia saa.

Nikapiga simu Korogwe kwa hasira, na kwa hasira hiyo hiyo nikasahau kuwa simu iko kwenye spika.

"We mwanamke! Umeifanya nini mashine?"

"Shikamoo, Baba Rama." Sauti ikatoka kwenye spika zote nane, ukumbi mzima ukaitikia, "Marahabaaa!"

Nikarukia solotepu, nikavuta, haitoki. Ningekata simu yangeisha, najua, msinifundishe, ila nilitaka jibu.

"Luku imeisha," akasema. "Nilikwambia juzi, ukanijibu nisikusumbue na habari za umeme, una harusi. Friji nimezima, taa nimezima, jana usiku nimekaa gizani na watoto ili mashine yako ipate. Imekula yote. Sasa ulitaka niiwashe kwa mkaa?"

Kina mama wakapiga vigelegele vya kunizomea, kama hujawahi kuvisikia usiviombe.

"Nitajie namba ya mita!"

"Nitakutajia. Na sare yangu nimeivaa hapa, naangalia ukuta."

Hapo Mama Zaina akaja mpaka kwenye simu, kanisukuma kwa kiwiko. "Mdogo wangu, wewe si unaumwa?"

"Nani anaumwa, dada?"

"Weeee!" ukumbi mzima.

"Kodi gari uje sasa hivi. Bila wewe keki haikatwi."

Nikanunua luku kwa simu ile ile, nikamtumia tarakimu, akaziingiza, umeme ukarudi. Nikasubiri. Kumbe ile kompyuta umeme ukirudi haiwaki mpaka mtu abonyeze, nami nampigia Mama Rama hapokei, ameshafunga mlango, yuko garini na watoto, kaitii amri ya dada yake. Nikatukana kompyuta, nikatukana waya, nikaingia chini ya meza kutafuta kisu cha kukatia solotepu.

Jumbe alikuwa ukumbini tangu mwanzo, mgeni wa mkwe. Akachomoa flashi kwenye mfuko wa shati, akaichomeka, wimbo wa Zaina ukalia. Nikasikia vigelegele. Nilipotoa kichwa, binti yangu alikuwa ameshafika kwenye kiti chake, mkono wake kashikwa na mjomba wake.

Video ya harusi ninayo. Zaina anaingia anatembea taratibu, mjomba kanyoosha shingo kama kamzaa yeye, na nyuma yao, chini ya meza ya muziki, yanaonekana makalio yangu. Zaina aliniambia kwa upole tu, "Basi baba, yameisha." Hilo ndilo linaloniuma kuliko kuzomewa, angenifokea ningepumua. Nimeapa harusi ya mdogo wake sitagusa hata swichi ya feni, nitasimama mlangoni tangu asubuhi.

Mkwe alidai ahadi yake kesho yake, kabla ya chai. Kumlipa Jumbe, chakula cha meza zao zote, gari la Mama Rama kuja na kurudi, pamoja na luku, jumla iliyonitoka: shilingi milioni moja, laki mbili na themanini na saba elfu, na mia tano.