Bi Hapana na Usingizi wa Fundi

Wodi yetu ya wanaume waliopasuliwa ilikuwa na mtu mmoja asiyebembelezeka, muuguzi tuliyemwita Bi Hapana. Jina tulimpa wenyewe, wauguzi wenzake, naye akalipokea bila kununa. Daktari akipita mbio na kusema "mpe ile dawa" bila kumtaja mgonjwa, jibu ni hapana. Ukimsemesha wakati anavuta dawa kwenye sindano, hapana, subiri. Siku moja nilimwambia kwamba mumewe lazima alileta posa mara kumi. Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akanirudisha nikanawe mikono upya.

Alikuwa na mtindo wake wa kuanza zamu. Hakuanza na mashine. Alimwekea mgonjwa kiganja kifuani, akanyamaza, akahesabu pumzi dakika nzima, na ole wako umkatize. Kuna waliomcheka kwamba anapapasa watu kama mganga.

Alasiri moja, saa ya kutazama wagonjwa, tulimkuta fundi seremala aliyepasuliwa tumbo jana yake amelala chali, anakoroma. Dada yake mkubwa alikaa pembeni kama askari wa lindo, kidole mdomoni, akimnyamazisha kila anayepita.

"Shii! Usiku kucha hakupata hata lepe la usingizi," alitunong'oneza. "Mwacheni, masikini."

Bi Hapana aliweka kiganja. Nikaona uso wake unabadilika. Akamtikisa bega. "Fundi! Fumbua macho!" Kimya. Akamfinya bega kwa nguvu. Fundi akaguna kidogo, akazama tena.

Dada mtu akaruka. "Una roho gani wewe? Mtu ana kidonda kibichi, unamfinya kama unakanda unga!"

"Huu si usingizi, dada. Pumzi zinamwishia." Akanigeukia. "Mwite daktari. Mwambie Fundi haamki, na anapumua mara sita tu kwa dakika. Sema hivyohivyo, usiongeze chumvi."

Niliporudi nilikuta kamnyanyua Fundi kidevu ili koo lisizibe, na kamfunika pua na mdomo kwa barakoa ya oksijeni. Metroni, mkubwa wetu wa kazi, alikuwa amefuata kelele.

"Toka hapo kitandani! Wageni wanalalamika."

"Hapana."

"Unasemaje?"

"Nikiachia kidevu hiki, koo linaziba. Barua ya onyo utaniandikia baadaye, mama." Hata hakugeuka. Alikuwa anamtazama dada wa Fundi. "Umempa nini? Sindano yetu ya maumivu peke yake haimlazi mtu hivi."

"Sijampa kitu."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na leo atakayekufa ni ndugu yako. Sema!"

Dada mtu akaangua kilio. Akafungua fundo la leso yake, na humo mlikuwa na vidonge vikali vya maumivu, vilivyobaki marehemu mama yao alipofariki. "Alikuwa analia kama mtoto," alisema. "Mama vilimtuliza. Ningefanyaje?"

Daktari alifika anahema, akaangalia vidonge, hakubishana na mtu. Akamchoma Fundi sindano ya kuvunja nguvu ya vidonge hivyo. Tukasubiri, mkono wa Bi Hapana ungali kidevuni. Mara Fundi akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho, maumivu yakamrudia, akatoa tusi zito lisiloandikika. Sijawahi kufurahia tusi namna ile.

"Msisherehekee," alisema Bi Hapana. "Dawa hii itaisha nguvu kabla ya vidonge. Mimi sibanduki hapa." Na kweli hakubanduka mpaka hatari ilipopita.

Metroni naye hakulegea. Eti kesho yake Bi Hapana aombe radhi mbele ya wodi nzima, kwa kumfokea mgeni na kumkaidi mkubwa wake. La sivyo ahamishwe wodi. Nilikasirika kwelikweli. Mtu katolewa mdomoni mwa kaburi, wao wanadai adabu!

Kesho yake alikuja na sare iliyopigwa pasi, akasimama kando ya Fundi. Kwanza akaweka kiganja, akahesabu. Metroni akangoja, atake asitake.

"Fundi," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "niwie radhi kwa kukufinya na kukupigia kelele. Na nikikukuta vile tena, nitakufinya tena, na kelele nitapiga zaidi ya zile."

Fundi akacheka, akashika kidonda. Bi Hapana alikwisha kusogea kitanda cha pili, kiganja kifuani mwa mgonjwa mwingine.

"Hiyo si radhi!" Metroni alimfuata. "Nakuambia wewe..."

Dada wa Fundi aliinuka kitini, akasimama kati yao, akaweka kidole mdomoni.

"Shii, mama," alisema. "Anahesabu."