Kilomita Nane za Mwalimu

Kamati ya ufadhili ilikutana mjini Kericho, katika chumba kilichonuka rangi mpya. Walikuwa watu watatu. Mzee aliyekaa katikati alisoma jina la kozi niliyoitiwa chuoni, akalisoma tena, kisha akavua miwani.

"Usimamizi wa michezo," alisema. "Watu wa huku hukimbia bila kusomea. Chuo kitakufundisha nini?"

Swali hilo nilikuwa nimelitarajia tangu nilipoondoka nyumbani, karibu na Litein, nikiwa nimevaa viatu vya dada yangu.

"Wakimbiaji tunao, mzee," nilisema. "Lakini mwaka jana tulifika uwanjani saa mbili asubuhi, na mbio zikaanza saa nane mchana, kwa sababu hakuna aliyejua ni nani amebeba saa za kupimia. Wasichana wawili walizimia kwa jua na njaa. Mtu wa kukimbia yuko. Mtu wa kupanga ndiye hayuko."

Mama mmoja katika kamati alitabasamu akaandika kitu. Nilitoka nje nikijua nimepata.

Barua ilipokuja, baba aliipokea kwenye kituo cha kununua chai, akiwa kwenye foleni na gunia lake la majani. Kwa kuwa hakuwa na miwani, alimpa karani amsomee, na foleni nzima ikasikia kwamba bintiye atasomeshwa miaka minne, chakula na malazi yakiwemo. Jioni aliniambia, "Sijui hiyo kazi inaitwaje, lakini sasa kila mtu anajua utaifanya. Usiniaibishe." Mimi sikuwa na wasiwasi wowote.

Barua ya kunipendekeza ilikuwa imeandikwa na mwalimu wangu wa mbio. Alifundisha shule ya msingi upande wa Kapkatet, na kila jioni baada ya masomo alitukimbiza wasichana na wavulana wa vijiji vyote vya karibu, bila malipo, kwenye njia aliyoipima mwenyewe zamani alipokuwa kijana. Njia hiyo ilitoka uwanja wa shule, ikateremka hadi mtoni, ikapanda katikati ya mashamba ya chai na kurudi shuleni. Kila mtu aliijua kama kilomita nane za mwalimu. Hapo nilikuwa nashinda. Nilipopelekwa mashindano ya mkoa, ya kilomita nane pia, niliongoza karibu mbio nzima, kisha mwishoni miguu ikakataa, wasichana sita wakanipita. Mwalimu alisema moyo wangu ulikuwa mwepesi, wa kukata tamaa haraka. Niliyaamini maneno hayo kwa miaka mingi.

Chuoni Nairobi tulikuwa wasichana wachache darasani. Nilisoma mambo ya mwili wa binadamu, sheria za vyama, jinsi ya kuandaa mashindano, na somo moja ambalo wenzangu walilidharau, la kupima viwanja na njia za mbio. Mimi nililipenda. Mwaka wa tatu tulitumwa nyumbani kufanya mafunzo kwa vitendo, nami nikaomba kuandaa mbio za nyika za tarafa yetu. Mwalimu alifurahi sana. Aliwaambia watu sokoni kwamba mtoto wake amerudi na elimu ya mbio.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupima njia. Nilichukua baiskeli ya baba, nikafunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la mbele, nikapima mzunguko wake kwa futi ya fundi cherehani. Kisha nikaisukuma njia nzima nikihesabu kila kitambaa kilipogusa chini. Kila mia moja ikitimia, nilihamisha punje ya mahindi kutoka mfuko mmoja hadi mwingine. Nilipofika shuleni nikapiga hesabu, nikakaa kwenye nyasi. Njia ilikuwa kilomita saba na kidogo.

Nilirudia siku iliyofuata, na jibu likawa lile lile. Ndipo nilipoelewa kilichonipata mkoani. Miguu yangu haikukataa kwa sababu ya moyo mwepesi. Ilikuwa imefika mahali ambapo, nyumbani, mbio zilikuwa zimekwisha.

Ningeweza kuongeza kipande kimyakimya na kusema tumebadilisha njia kwa sababu ya matope. Lakini nilimheshimu mno kumficha. Nilimkuta nyumbani kwake akikamua ng'ombe.

"Mwalimu, nimepima njia mara mbili. Haifiki kilomita nane. Imepungua karibu kilomita moja."

Aliendelea kukamua. "Niliipima kwa hatua," alisema. "Hatua yangu ni mita moja."

"Kwenye tambarare, labda. Pale kwenye mlima kutoka mtoni hatua ya mtu yeyote hufupika."

Alikamua mpaka ndoo ikajaa. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Wewe uliposhindwa mkoani, nilikuambia nini?"

"Kwamba moyo wangu ni mwepesi."

Aliingia ndani na maziwa. Nilisubiri uani, na hakutoka. Mkewe ndiye aliyeniletea chai na kuniambia nimpe muda.

Kesho yake asubuhi alikuja kwetu amevaa buti za mpira. Alimsalimu baba, akaomba baiskeli, akaisukuma mwenyewe njia yote, mimi nikimfuata nyuma. Tulipomaliza alilinganisha hesabu yake na yangu, tukatofautiana kwa mizunguko mitatu tu.

"Ni wengi niliowaambia neno hilo la moyo mwepesi," alisema. "Wewe nakuomba msamaha kwanza. Sasa tuongeze wapi?"

Tulichora mzunguko mpya unaopita nyuma ya shamba lake, na alikubali kung'oa mistari miwili ya chai ili njia iwe pana. Siku ya mbio, watu mia kadhaa wakisikiliza, alipanda kwenye meza na kueleza yeye mwenyewe kwamba njia ya zamani ilikuwa fupi na kosa lilikuwa lake. Mbio zilianza saa tatu kamili kama nilivyoandika kwenye ratiba. Wakimbiaji walilalamika kuhusu mlima wa mwisho, lakini waliumaliza.

Mwezi uliofuata, msichana mmoja wa kidato cha pili, aliyefanya mazoezi kwenye njia mpya, alikuwa wa tatu mkoani. Wawili kati ya aliowapita aliwapita kwenye mita mia tano za mwisho. Nilikuwa nimesharudi chuoni. Mwalimu alipiga simu kutoka posta ya Kapkatet hadi ofisi ya bweni letu, nikaitwa, nikashuka ngazi mbio, naye akanieleza mbio zote hatua kwa hatua, polepole, kana kwamba simu ilikuwa ya bure.