Dobi Aliyetamani Kuhojiwa

Dobi wetu alisoma riwaya za upelelezi mpaka zikamharibu. Katika vitabu vile, mwanamume mkimya anayeishi peke yake ndiye anayeshukiwa kwanza: inspekta humkodolea macho, wanawake hukosa usingizi kwa ajili yake. Yeye alikuwa mkimya, aliishi peke yake, na hakuna aliyewahi kumkodolea chochote. Mama mwenye nyumba mpaka leo humwita "wewe wa pasi".

Kwa hiyo kibanda cha kushonea cha jirani yake, Mama Cherehani, kilipovunjwa na mwizi usiku, dobi alifurahi, Mungu amsamehe. Alimpenda mjane huyo kimoyomoyo tangu ahamie chumba cha pili yake, ila kila alipojaribu kumsemesha alijikuta akimuuliza kama ana nguo za kunyoosha. Sasa angalau angeshukiwa mbele yake. Akapiga pasi shati jeupe, akaketi mlango wazi, akijizoeza kuonekana mtu mwenye siri.

Askari aliwahoji wapangaji wengine wote. Alimhoji hata mgeni aliyefika asubuhi hiyo hiyo na begi lake mkononi. Mlangoni kwa dobi akapita kama anapita ukuta.

Iliuma, jamani. Dobi akafunga mlango, akaenda kituoni kwa miguu.

"Afande, mwizi ni mimi."

"Umeiba nini?"

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba hakuna mtu aliyemwambia kilichoibwa.

"Kile kitu cha yule mama."

"Kitu gani?"

"Kidogo tu. Nilikitia mfukoni."

"Ulitia cherehani mfukoni?"

Wakamwita mwenye mali. Aliingia akihema, futi yake ya kupimia bado shingoni.

"Jirani, una wazimu? Si nilimwambia afande asijisumbue na wewe!"

"Kwani mimi siwezi kuiba?" dobi akauliza kwa uchungu.

"Utaiba saa ngapi? Ukuta wetu mwembamba. Ukigeuka kitandani nasikia. Ukicheka na vitabu vyako nasikia. Juzi hukukohoa kabisa, nusura nije kugonga nijue kama uko hai. Na siku ya wizi ulikoroma mpaka asubuhi!"

Askari akaangua kicheko. Dobi hakucheka. Miaka yote alijiona kama hayupo, kumbe upande wa pili kulikuwa na mtu anamsikiliza. Alitaka kulia. Alitaka kusema maneno mazito, ya kitabuni. Yakamtoka yale yale.

"Una nguo za kunyoosha?"

"Ninazo," akasema Mama Cherehani. "Ila safari hii sikuletei; uje uzichukue mwenyewe."