Mzee Aliyebisha Hodi Ijumaa

Wapo watakaosema nilisinzia mezani. Sikusinzia. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, na chai yangu ilikuwa bado ya moto. Wallahi nasimulia niliyoyaona, sizidishi wala sipunguzi.

Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni. Niliajiriwa na kiwanda kimoja cha sabuni, Changamwe, niwaandikie programu ya kompyuta ya kuchunga mitambo: boila, matangi na mashine za kukatia miche ya sabuni. Kila mtambo niliupa uzi wake ndani ya programu, yaani kijikazi kinachokwenda peke yake bila kungoja wenzake. Nyuzi zote ziliandika makosa kwenye faili moja, na kengele ya hatari ililia kwa kusoma faili hilo. Shida ikawa hapo. Nyuzi mbili zikiandika kwa pamoja, maneno yalichanganyika, hayasomeki. Nikatia kufuli: mwenye ufunguo aandike, wengine wangoje. Lakini zikingoja sana skrini iliganda, na meneja akanipandia kichwani.

Basi mimi, mtoto wa Kimvita niliyefunzwa adabu nikafunzika, nikafanya nini? Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa hurudi alikotoka, wala haweki kinyongo. Nikaziamuru nyuzi zifanye vivyo hivyo. Zibishe kwenye kufuli mara tatu, zisipofunguliwa ziende zake. Skrini haikuganda tena, na mimi nikatembea kifua mbele. Kwamba ule uzi ulioondoka umeondoka na ujumbe gani, hilo halikunijia. Lingenijia vipi, na nilikuwa nikisifiwa?

Ijumaa moja wenzangu walikwenda msikitini. Mimi nilibaki ofisini, ghorofani, kumalizia kazi, na uongo mbaya, sikuwa na udhuru. Ndipo niliposikia hodi. Nikanyamaza, nikidhani ni mtu wa kuniuliza mbona sikwenda kusali. Hodi ya pili, nikajifanya sipo. Ya tatu ilipopita aibu ikanishinda, nikafungua mlango. Mzee mmoja alikuwa ameshaanza kushuka ngazi, amevaa ovaroli ya kaki na kofia ya kiua, karowa chapachapa. Nje kulikuwa kukavu.

"Shikamoo, mzee. Karibu."

"Marahaba. Nimebisha tatu, mwanangu. Nshakwenda zangu."

"Niwie radhi. Ulikuwa na haja gani?"

Akanitazama kidogo. "Mwambie huyo wa kwenye boila azime moto. Maji asiyafungue."

Akaendelea kushuka. Nilimfuata mbio, na ngazi ile, niamini, haina kona wala mlango wa pembeni. Hakuwepo. Bawabu aliyekaa chini ya ngazi alisema hakuna aliyepanda wala aliyeshuka. Niliogopa, sitaki kuficha.

Nikakimbilia chumba cha boila. Karisa, mtunza boila, alikuwa amesimama, mkono tayari uko kwenye koki ya maji. Kioo cha kuonyesha maji kilikuwa kikavu. Tangu kompyuta ije alikuwa akitegemea kengele, na kengele haikulia. Ndiyo kwanza ametupa jicho akaona maji yamekwisha.

"Usifungue! Zima moto!" nikapiga kelele, naye akazima.

Baadaye fundi mkuu alitueleza kwamba maji baridi yangeingia kwenye chuma kile kilichoiva, boila lingepasuka, na cha Karisa cha kuzika kisingepatikana. Mimi boila sijui hata linavyowashwa. Ningelijua wapi hilo?

Nilipomweleza Karisa sura ya yule mzee, alimtambua papo hapo.

"Huyo ni Mzee Bakari," akasema. "Ndiye aliyenifundisha kazi. Maji yalikwisha, akafungua koki, boila la zamani likamuunguza. Tulimzika sisi wenyewe."

Jioni niliijaribu programu yangu upya, nikaona kwa macho yangu. Uzi wa boila ulibisha mara tatu, ukakuta wenzake wanaandika, ukaenda zake na habari ya maji. Nikabomoa nikajenga upya. Sasa kila uzi huweka ujumbe wake kwenye foleni na kuendelea na kazi, na uzi mmoja tu, karani wao, ndio unaoandika, ujumbe mmoja baada ya mwingine. Hakuna ujumbe unaotupwa. Ilikuwa kazi ya siku mbili tu.

Mwaka uliofuata Karisa alipata mtoto wa kiume, akampa jina langu, kwa kuwa nilimwokoa. Nimekula kwake mara nyingi. Mkewe huninawisha mikono kama mgeni wa heshima, na mtoto akiniamkia natazama chini. Mpaka leo sijamwambia Karisa ni nani aliyeinyamazisha kengele ile.

Nawe unayenisikiliza, ukikosea, sema siku ile ile. Ukichelewa, watu watatangulia kukushukuru, na mdomo hautafunguka tena.