Nyasi za Watamu

Mkokoteni wa punda ukipita mtaani kwetu Galbet umebeba nyasi mbichi za kuuza, ile harufu hunirudisha Watamu, mji mdogo wa pwani niliokwenda mara moja tu, nikiwa msichana wa miaka minane, nikarudi bila kuelewa kitu.

Abti Yusuf, kaka yake mama, alikuwa na duka huko. Alitualika mimi na Ayeeyo, bibi yangu, aliyehamia kwetu kutoka Habaswein baada ya ukame kumaliza ng'ombe wake. Tangu hapo alikuwa hali chakula vizuri wala haongei. Watu wazima walisema hewa ya bahari itamchangamsha.

Mji ulikuwa kimya kweli. Wazungu walilala juani mchangani. Ayeeyo alidhani wamezirai, akanituma niwapelekee maji. Bahari yenyewe aliionja kwa kidole, akatema, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyetia chumvi.

Kesho yake Abti alitupeleka kuona msitu wa hifadhi ulio nje ya mji. Nyuma ya uzio nyasi zilikuwa ndefu kuliko nilizowahi kuona. Ayeeyo akamwendea askari wa langoni.

"Hii nyasi ya nani?"

"Ya serikali, mama."

"Serikali iko na ng'ombe?"

"Hapana. Mifugo hairuhusiwi humu. Ni ya ndovu, ndege, vipepeo."

"Fibebeo," alirudia polepole.

Nikamweleza kwa Kisomali ni nini. Nilitarajia acheke. Badala yake alipenyeza mkono kwenye uzio, akang'oa konzi ya nyasi, akainusa kwa muda mrefu, macho ameyafumba. Askari alimwona, akageuka kutazama barabara.

Tuliporudi kwa Abti akasema anataka kwenda nyumbani. Abti aliomba radhi kwa kosa asilolijua. Mimi nililia, maana nilikuwa bado sijaingia majini, nikamuuliza tumemkosea nini.

"Hakuna, ayeeyo," alinijibu, akiniita kwa jina lake mwenyewe kama wafanyavyo bibi zetu. "Hapa ni pazuri sana."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Kama ni pazuri, mbona tunaondoka?

Nilikuwa mtu mzima mama aliponisimulia habari za ng'ombe wa mwisho wa Ayeeyo: jinsi alivyomwinua kila asubuhi kwa mikono yake ili asimame, akimlisha maboksi ya karatasi yaliyolowekwa maji kwa kukosa malisho, akimwomba Mungu nyasi kidogo tu. Nilikuwa nikidhani bibi aliikataa bahari. Kumbe alikuwa amefikishwa palipojaa kile alichokiomba, na hana tena wa kumlisha.