Mgane Katika Kundi la Wachumba

Nilikwenda mlima wa maombi kwa sababu Mama Upendo, mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Miyuji, alichoka kuniona nimenyamaza wenzangu wakiomba. Tangu nimzike mke wangu Rebeka, nilikuwa nikifumba macho neno halitoki, na nilianza kuogopa kwamba halitatoka tena. Mama Upendo hakuogopa chochote. "Baba Yona, panda mlima ukutane na Mungu uso kwa uso," aliniambia, kama mtu anayenielekeza duka la dawa.

Ijumaa asubuhi tuliondoka na gari la kukodi, Noah. Mpaka Buigiri tuliimba, yaani, waliimba. Tulipoacha lami, vumbi lilituingia hadi kwenye meno, na Mama Upendo akatangaza kwamba shetani anaipinga safari. Mimi nilidhani ni dirisha bovu.

Mlimani tulifika mchana, jua likiwaka. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Kizota, kelele nazijua. Lakini zile, loo! Jenereta, spika, na kila mtu anamfokea Mungu utadhani ana masikio mabovu. Mhudumu mwenye beji alitupokea.

"Bwana asifiwe, baba. Hitaji lako?"

"Nimefiwa na mke."

"Pole sana. Tuna kazi, uzazi, magonjwa na ndoa. Kundi la wagane hatuna. Nenda tu ndoa."

Haya, nikaenda ndoa. Nikapiga magoti katikati ya mabinti wanaoomba wachumba wenye ajira serikalini. Dodoma hii, hata Mungu anaombwa watumishi wa umma.

Jumamosi, njaa ya mfungo ikiniuma, kiongozi wa kundi aliniwekea mikono kichwani. "Bwana, mpe baba huyu mke mwema!"

Hapo nikapasuka. "Nilikuwa naye!" nilipiga kelele. "Ulinipa mwenyewe, ukamchukua, tena akiliita jina lako! Ulikuwa wapi?"

"Amina! Pokea, baba, pokea!" kundi zima likaitikia, kisha wakahamia kwa binti aliyefuata.

Mimi nikabaki palepale chini, sauti imekauka, nikimweleza Mungu yote: nyumba ilivyo kimya, mboga ninavyoziharibu kwa chumvi, na jinsi nilivyomchukia Yeye. Sikuona nuru wala malaika. Ila nilikuwa nasikilizwa. Nilijua, kama unavyojua kuna mtu mlangoni kabla hajapiga hodi. Iliniudhi, maana nilikuwa sijamaliza kukasirika. Nililia kama mtoto, nikaona aibu, nikaendelea kulia.

Jumapili, njiani kurudi, Mama Upendo alidai ushuhuda. "Baba Yona, umepokea nini?"

"Sijapokea kitu. Nimegombana na Mungu."

"Ee! Mungu hagombezwi, baba!"

"Mbona hakuondoka?"

Alinyamaza mpaka tukaifikia lami. Mama Upendo kunyamaza! Wanaotafuta miujiza, ndiyo hiyo. Mimi nilichojifunza ni kwamba miezi yote ile nilikuwa nasubiri hasira iishe ndipo niombe, kumbe aliyekuwa anasubiri iishe ni mimi peke yangu.

Miyuji, jioni, niliingia chumbani nikakaa kitandani, upande wa Rebeka, ambao nilikuwa sijaugusa tangu msiba.

"Bado hujanijibu," nikamwambia Mungu, na maneno mengine yakafuata yenyewe.